PyMOL, ChimeraX na Coot mbele ya atomi yenye mikao miwili

Fungua faili la protini iliyopimwa vizuri kwa eksirei, sogeza karibu na serini au lisini (aina za amino asidi, viungo vya mnyororo wa protini) iliyo kwenye uso wa protini, na mara nyingi utakuta mkia wake, yaani tawi linalotokeza pembeni ya mnyororo, umegawanyika kama panda ya manati: kwenye serini, kwa mfano, oksijeni mbili mahali ambapo kemia inaruhusu moja. Faili halijaharibika na programu haijakosea. Hiyo ndiyo mikao mbadala. Tathmini hii inaangalia jambo moja tu: programu tatu zinazotumika sana kutazama protini zinakuonyesha nini, zinakuficha nini, na zinakuachia nini mkononi unapohifadhi faili. Imeandikwa hasa kwa wanafunzi na watafiti wa hapa Dodoma, wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa St. John's, wanaofanya kazi hizi kwa laptop ya mtumba na bando la kuhesabu. Kwao, kurudia hesabu za wiki mbili kwa sababu ya herufi moja ndani ya faili ni hasara kubwa.

Kwanza asili ya jambo lenyewe. Chukua mlango wa duka pale soko la Majengo. Ukiupiga picha elfu moja kutwa nzima, kisha ukazilaza picha zote moja juu ya nyingine, utapata milango miwili iliyofifia, mmoja umefungwa na mmoja uko wazi, na ule uliokaa hivyo muda mrefu zaidi utaonekana umekolea. Fuwele ya protini ndivyo ilivyo. Ndani yake kuna mabilioni ya nakala za molekuli ileile, eksirei inazipiga zote kwa pamoja, na ramani ya msongamano wa elektroni inayopatikana ni wastani wao. Ikiwa mkia wa serini umeelekea kushoto katika nakala 65 kwa kila 100, na kulia katika zile 35 zilizobaki, ramani itakuwa na mavimbe mawili, na aliyejenga modeli ataiandika atomi ile mara mbili.

Kwenye faili la muundo wa PDB (Protein Data Bank, hazina ya kimataifa ya miundo ya protini) inakaa hivi (namba ni za mfano):

ATOM    163  OG ASER A  34      12.418   7.902   3.115  0.65 11.20           O
ATOM    164  OG BSER A  34      10.410   8.620   2.300  0.35 12.85           O

Hesabu herufi kutoka kushoto. Safu ya 17 ndiyo yenye herufi ya mkao, A au B, nayo imegandana na jina la amino asidi. Ndiyo maana jicho lisilozoea husoma ASER na BSER kana kwamba ni majina mapya. Safu za 55 hadi 60 zina kiwango cha ukaaji, yaani sehemu ya nakala zilizokaa mkao huo: 0.65 na 0.35, jumla 1.00. Kati ya oksijeni hizo mbili kuna kama angstromu 2.3 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), karibu mno kwa atomi mbili zisizoungana. Haziwezi kuwepo pamoja katika molekuli moja.

Atomi isiyo na mkao wa pili ina nafasi tupu kwenye safu ya 17, na utupu huo una maana yake: atomi hii ni ya wote, wa A na wa B. Shika hilo vizuri, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Kwenye faili la mmCIF, ambalo ndilo muundo rasmi wa hazina ya PDB tangu 2014, herufi hiyo inakaa chini ya `_atom_site.label_alt_id`, na mahali pa utupu huandikwa nukta.

Usichanganye herufi hii na ile ya safu ya 27. Ile ni herufi ya nyongeza kwenye namba ya amino asidi, inayoonekana sana kwenye kingamwili, mfano 52A. Amino asidi 52 na 52A ni viungo viwili tofauti vya mnyororo, vyote vipo kwa wakati mmoja. Anayefuta 52A akidhani anasafisha mikao amekata kipande cha protini.

Kabla hujafungua programu yoyote ya picha, kama una Ubuntu, amri hii itakuambia hali ya faili la PDB kwa sekunde moja:

`grep -E '^(ATOM|HETATM)' faili.pdb | cut -c17 | sort | uniq -c`

Utaona orodha fupi: atomi ngapi zina nafasi tupu, ngapi zina A, ngapi B, na pengine C. Ikija mstari mmoja tu wa nafasi tupu, faili lako halina mikao mbadala, endelea na kazi. Zikija A 84 na B 91, kuna atomi za B zisizo na mwenzake wa A, na hizo zinahitaji macho.

Kipimo tulichotumia ni krambini, protini ndogo ya amino asidi 46 kutoka kwenye mbegu za Crambe abyssinica, mmea wa jamii ya kabichi na haradali unaobeba jina la kale la majirani zetu Wahabeshi. Imepimwa mara nyingi, na mafaili mawili yanatosha kwa mazoezi. 1CRN, kwa ubora wa angstromu 1.5 (namba ikiwa ndogo, kipimo ni kikali zaidi), ina atomi 327 na haina mkao mbadala hata mmoja. 1EJG, kwa angstromu 0.54, imejaa mikao na hata hidrojeni zimo. Zaidi ya hayo, 1EJG ina mtego mkali: amino asidi namba 22 ni prolini katika baadhi ya nakala na serini katika nyingine, na namba 25 ni leusini au isoleusini. Mbegu zenyewe zina aina mbili za protini, na fuwele ilizibeba zote. Yote mawili ni madogo, bando lako halitayasikia.

PyMOL: inaonyesha vyote, haikuambii chochote

Ukiandika `fetch 1ejg`, PyMOL inachora kila atomi iliyomo kwenye faili, A na B pamoja, bila onyo. Kwa mtazamaji makini hii ni sifa kubwa, maana hakuna kilichofichwa. Kwa anayetazama utepe tu, yaani ule mchoro wa mizunguko na mishale, mikao ya mikia haionekani kabisa na anaweza kumaliza kazi yote bila kujua ipo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta kwa makusudi:

`select mbadala, not alt ''`
`show sticks, byres mbadala`
`hide sticks, hydro`
`color marine, alt A and elem C`
`color orange, alt B and elem C`
`label mbadala and not hydro, alt`

Alama mbili za nukuu moja zisizo na kitu katikati ndizo zinazowakilisha nafasi tupu. Sasa bluu ni A, chungwa ni B, na kila atomi inabeba herufi yake. Ukitaka namba badala ya rangi:

`iterate mbadala, print(chain, resi, resn, name, alt, q)`

`q` ni kiwango cha ukaaji. Soma safu hiyo kwa utulivu. Wengi wanaamini A ndiyo yenye ukaaji mkubwa siku zote. Si sheria. Kuna mafaili ambayo A ina 0.40 na B ina 0.60, na anayefuta B kwa mazoea amebaki na mkao wa wachache.

PyMOL haiunganishi atomi ya A na ya B kwa kifungo, ila kila moja inaunganishwa na zile za nafasi tupu. Ndiyo maana mkia unaonekana kama panda iliyo safi, si kama utando wa buibui. Hapo imefanya vizuri.

Kusafisha kunafanyika kwa mistari miwili, na mpangilio wake una sababu:

`remove not (alt ''+A)`
`alter all, alt=''`

Mstari wa kwanza unasema: ondoa kila kitu isipokuwa nafasi tupu na A. Kosa linalotokea kila muhula ni kuandika `remove not alt A`. Hapo protini karibu yote inatoweka na skrini inabaki na vipande vinavyoelea, kwa sababu atomi za kawaida hazina herufi A, zina utupu. Kosa la pili ni `remove alt B`. Linaonekana halina madhara, lakini linaacha C ikiwa ipo, na, sawa na mstari ule wa kwanza, linafuta maji au vipande vya ligandi (molekuli ndogo inayoshika protini) vilivyoandikwa B bila kuwa na A.

Mstari wa pili unafuta herufi iliyobaki, na watu huuruka. Ukiuruka, `fit` na `rms_cur` zitakuumiza kimyakimya: amri hizo hulinganisha atomi kwa vitambulisho vyote, na herufi ya mkao ni mojawapo. Atomi yenye A kwenye faili moja haitapata mwenzake mwenye utupu kwenye faili lingine, itaachwa nje ya hesabu, na utapata namba nzuri ya tofauti ambayo haikuhesabu mikia yote. Baada ya `alter`, andika `sort` ili PyMOL ipange upya orodha yake.

Kisha hakiki kwa `count_atoms name CA`. Kwa krambini lazima ije 46, kaboni alfa moja kwa kila amino asidi. Kabla ya kusafisha 1EJG inazidi hapo, kwa sababu ya namba 22 na 25 pamoja na sehemu ambazo uti wa mgongo wenyewe, yaani mnyororo mkuu wa protini, una mikao miwili. Ikija pungufu, kuna amino asidi ambayo haikuwa na A na umeipoteza nzima.

Kabla ya kusafisha, usiamini eneo la uso linalotoka kwenye `get_area`, wala mchoro wa `show surface`, wala vifungo vya hidrojeni. Atomi za A na B zote zinahesabiwa kama wakazi halali, uso unanenepa, na serini moja inaonekana kushika majirani wawili kwa oksijeni mbili.

ChimeraX: mkao mmoja kwa wakati mmoja

ChimeraX, inayotengenezwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ina falsafa tofauti kabisa. Kila amino asidi ina mkao mmoja ulio kazini, na programu inaanza na ule wenye ukaaji mkubwa. Mingine imo kwenye kumbukumbu lakini haichorwi na haiingii kwenye hesabu. Kwa hiyo `hbonds` (ya kutafuta vifungo vya hidrojeni) na `clashes` (ya kutafuta atomi zilizobanana) zinatoa majibu yenye maana tangu mwanzo, bila kusafisha chochote. Kwa kazi ya kulinganisha mikao, hii ndiyo programu bora kuliko zote tulizozipima.

`open 1ejg`
`altlocs list`

Amri ya pili inaorodhesha kwenye logi kila amino asidi yenye mikao. Kubadili, taja herufi kisha mahali:

`altlocs change B /A:34`

(weka namba iliyotokea kwenye orodha yako). Ukitaka kuona na ile mingine pembeni ya iliyo kazini, tumia `altlocs show` pamoja na mahali, na `altlocs hide` kuiondoa. Anayependa kubofya kuliko kuandika atumie Altloc Explorer kwenye menyu ya zana. Inampa vitufe vya kubadili mkao huku akiona vifungo vya hidrojeni vikibadilika papo hapo, na kwa mafunzo hakuna chombo kizuri kama hicho. Dakika tano za kubadili A na B kwenye kituo cha kazi cha kimeng'enya zinamfundisha mwanafunzi zaidi ya slaidi ishirini.

Sasa kasoro. Kinachoonekana kwenye skrini na kinachohifadhiwa ni vitu viwili. Ukihifadhi PDB bila kusafisha, mikao yote inaandikwa kwenye faili, ingawa wewe ulikuwa unaona mmoja tu. Mtu anaona protini safi, anahifadhi, anaipeleka kwenye dokingi (hesabu ya kujaribu ligandi inavyoingia kwenye protini), na zile atomi pacha zinasafiri naye. Dawa ni kuandika `altlocs clean` kabla ya kuhifadhi. Inabakiza mkao ulio kazini na kutupa mingine. Chombo cha Dock Prep nacho kina chaguo la kubakiza mkao wenye ukaaji mkubwa peke yake. Hakikisha limewekwa tiki.

Kasoro ya pili iko kwenye ile namba 22 ya krambini. Ikifungua mmCIF yenye amino asidi mbili mahali pamoja, ChimeraX inachukua moja na kuiacha nyingine, na inaandika onyo fupi kwenye logi. Utakachokiona ni prolini au serini, si zote. Huwezi kubadili kwa `altlocs change`, kwa sababu ya pili haikuingia. Hapa PyMOL inashinda waziwazi. Zoea kusoma logi. Watu wengi huifunga ili wapate nafasi ya picha.

Coot: mahali pa kuamulia

Programu mbili za juu zinakuonyesha alichoandika mjenzi wa modeli. Coot, kazi ya Paul Emsley na wenzake, inakuonyesha kama alikuwa na haki ya kukiandika, kwa sababu inaweka modeli ndani ya ramani ya elektroni. Haina uzuri wa picha za kuweka kwenye bango, wala haikukusudiwa kuwa nao. Kwa swali la "nibakize A au B?" tungeifungua kabla ya nyingine yoyote.

Kwenye menyu ya File kuna chaguo la kuleta modeli pamoja na ramani yake kutoka EDS (hifadhi ya ramani za elektroni) kwa kuandika namba ya PDB tu. Ikishafunguka, nenda kwenye amino asidi husika na utumie gurudumu la kipanya kupandisha na kushusha kiwango cha ramani. Kwenye ramani kuu anza na kama 1.0 hadi 1.5 za rmsd, kipimo cha mtawanyiko wa namba za ramani. Mkao wenye ukaaji 0.65 utabaki umevikwa ramani ukipandisha; wa 0.35 utavuliwa mapema, na hilo ni la kawaida. Kinachotia shaka ni mkao ambao hauvikwi hata ukishusha. Ramani ya tofauti, kwa kiwango cha 3, inamalizia hoja: kijani ni msongamano ambao modeli haikuujaza, nyekundu ni atomi iliyowekwa pasipo na ushahidi. Ukiona nyekundu imekaa juu ya oksijeni ya B, usijenge hoja ya tasnifu juu ya B hiyo.

Angalia na ubora wa kipimo. Mikao miwili kwa angstromu 1.2 ni ya kutarajiwa. Mikao miwili ya mkia kwenye modeli ya angstromu 3.0 inahitaji maelezo, kwa sababu kwa ubora huo mavimbe mawili yaliyo karibu huwa yameshaungana kuwa moja.

Asiyetaka kujifunza Coot anaweza kupata sehemu ya faida hii ndani ya PyMOL kwa `fetch` yenye `type=2fofc`, kisha `isomesh` kuzunguka eneo dogo. Inafaa kwa kutazama. Kuhariri kubaki kwa Coot.

Mol*, ile inayofunguka ndani ya kivinjari kwenye tovuti za hazina ya PDB, RCSB na PDBe, inachora mikao yote na haihitaji kusakinisha. Ni nzuri kwa kuchungulia faili kabla ya kulipakua. VMD, programu nyingine ya kutazama molekuli, ina neno `altloc` kwenye uchaguzi wake wa atomi na haiunganishi A na B. Inatosha kwa wanaoitumia tayari kwa sababu za simulesheni, lakini hatuoni sababu ya kuianza kwa ajili ya mikao peke yake.

Kwa mashine za huku

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa mjini ni Core i5 za kizazi cha pili hadi cha sita. Kizazi ndicho cha kuuliza kabla ya kulipa. ChimeraX inadai OpenGL 3.3, yaani toleo la mfumo ambao kadi ya picha huutumia kuchora. Kizazi cha pili kina kadi ya Intel HD 3000, ambayo kwenye Windows inaishia OpenGL 3.1, na ChimeraX haitafunguka ipasavyo hata ukiongeza RAM. Mashine hiyohiyo ikiwekewa Ubuntu, madereva ya Mesa yanaifikisha 3.3. Kizazi cha tatu, chenye HD 4000, kinavuka bila tabu kwenye mifumo yote miwili.

PyMOL ni mpole zaidi. Kwenye Ubuntu, `sudo apt install pymol` inaleta toleo la msimbo huria, bure na bila muda wa kuisha, na amri zote za hapo juu zinafanya kazi humo. Toleo la kulipia linatoka Schrödinger, ambao wanalimiliki tangu 2010. Kwa mikao mbadala hulihitaji. ChimeraX ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, ila kifurushi chake ni mamia ya megabaiti. Ni busara mtu mmoja akipakue mara moja usiku, kisha darasa zima ligawane kwa flashi.

Kwa mwenye mafaili mengi kuna pdb-tools, ndogo kabisa, inayosakinishwa kwa `pip install pdb-tools`. Haina picha. Andika `pdb_selaltloc -A ingizo.pdb > safi.pdb` na imekwisha; bila herufi, inachagua ukaaji mkubwa. Wanaoandika Python wajue kuwa Biopython nayo huchagua ukaaji mkubwa yenyewe, na mkao mwingine unafikiwa kwa `disordered_select('B')`.

Hapa pana jambo ambalo hakuna programu kati ya hizi inayolifikiria kwa niaba yako. Mikao huenda kwa makundi. Tuseme serini 34 ina A ya 0.40 na B ya 0.60, na molekuli ya maji jirani ina A na B za 0.50 kila moja. Maji A yamekaa mahali yanapofuatana na serini A, kwa umbali wa angstromu 2.8, umbali mzuri wa kifungo cha hidrojeni. Ukichagua ukaaji mkubwa, serini itaenda B. Maji yamefungana sare, na programu ikichukua A, oksijeni mbili zitabaki angstromu 1.6 kutoka kwa kila mmoja. Hakuna kemia inayoruhusu hivyo. Kuchagua herufi moja kwa kundi zima ni salama kuliko kuchagua namba kubwa kwa kila kiungo peke yake, na popote mikao inapogusana na ligandi, chagua kwa jicho, ukiwa umefungua ramani. Baada ya kusafisha, `clashes` ya ChimeraX itakuonyesha waliobanana.

Anayeacha haya yote atayakuta mbele. `pdb2gmx` ya GROMACS, programu ya simulesheni za molekuli, hutoa onyo kwamba kuna atomi zenye ukaaji usio sawa na moja na kukuambia uliangalie faili lako. Wengi hulipita haraka kwa sababu programu inaendelea. Kwenye dokingi, atomi pacha zinajaza mfuko wa kimeng'enya mara mbili, na ligandi iliyostahili kuingia inakataliwa kwa kukosa nafasi. Wanaoshughulika na DHFR, kimeng'enya cha kimelea cha malaria Plasmodium falciparum, kama ile ya 1J3I, ama himoglobini ya selimundu ya 2HBS, waanze na ile amri ya `grep` kabla ya kitu kingine. Onyo la GROMACS litaendelea hata baada ya kubakiza A peke yake, maana ukaaji bado ni 0.65; ukishamaliza kuamua, `alter all, q=1.0` kwenye nakala iliyosafishwa inaliondoa.

Wanaohariri kwa mkono kwenye kihariri cha maandishi wasifute herufi ya safu ya 17 kwa kitufe cha kufuta. Mstari wote utasogea kushoto hatua moja, namba za mahali zitasomwa vibaya, na atomi itarushwa mbali au faili litakataliwa. Weka nafasi tupu mahali pa herufi.

Faili asili lisiguswe: liite 1ejg_asili.cif, na lililosafishwa 1ejg_mkaoA.pdb. Kwenye sura ya mbinu za utafiti andika namba ya PDB, herufi iliyobakizwa, amino asidi ambazo uliamua tofauti na sababu yake kwenye ramani, pamoja na programu na toleo lake. Mistari minne inatosha, na msimamizi ataweza kurudia hatua zako kwenye mashine yake.